Kicheko Kiko kwa Anayeandika Swali

Mchezo wenyewe ni mwepesi kueleza. Kompyuta mpakato imechomekwa kwenye TV ya sebuleni, hapa Dodoma, mtaa wa Ilazo au wa Kisasa, watu wanane wamekaa na simu zao, na kwenye skrini kubwa linatokea swali moja. Kila mtu anaandika jibu lake kimya kimya. Majibu yanatokea bila majina, watu wanapiga kura, halafu ndipo inajulikana nani kaandika nini. Hakuna pedi za gemu, hakuna magari ya kukimbizana, na mama wa miaka 60 ambaye hajawahi kugusa gemu maishani mwake anaanza sawa na kijana wa chuo.

Walioupa umaarufu mtindo huu ni Jackbox Games wa Chicago, Marekani. Asili yao ni mchezo wa maswali uitwao You Don't Know Jack, uliotoka 1995, enzi ambazo watu walibanana mbele ya kompyuta moja na kugombea kibodi. Mwaka 2014 walitoa kifurushi cha kwanza cha The Jackbox Party Pack, ndani yake michezo mitano, na simu ya mchezaji ikawa ndiyo pedi yake. Anayenunua ni mmoja tu, mwenye kompyuta. Wengine wanafungua kivinjari cha simu, wanaingia jackbox.tv, wanaandika herufi nne za chumba na jina, basi wamo. Hakuna programu ya kupakua kwenye simu.

Dodoma ingeupokea mchezo huu kwa mikono miwili, na bado wengi wanaoujaribu hapa wanaishia kusema haunogi. Lawama hupelekwa kwa mtandao, au kwa bando, au kwa wageni kwamba hawajachangamka. Naona lawama hiyo imekosea mlango. Mtandao hurekebishika kwa dakika kumi, nami nitaeleza jinsi. Kinachoua mchezo ni swali lililoandikwa kwa ajili ya watu wengine, wa nchi nyingine, na hakuna bando linaloweza kutibu hilo.

Tazama Quiplash, mchezo wao unaopendwa mno. Unapewa sentensi yenye pengo au swali la kuchokoza, unajibu kwa maneno machache, jibu lako linagonganishwa na la mwenzako mmoja, na waliobaki wanachagua lililowachekesha zaidi. Maswali yake ni ya Kiingereza, na mengi yanasimama juu ya vyakula, sikukuu na vipindi vya televisheni vya Marekani. Mwaka 2020 toleo la pili lilitafsiriwa kwa Kifaransa, Kiitaliano, Kijerumani na Kihispania. Kiswahili hakimo. Mchezaji wa Dodoma, hata yule aliyesoma kwa Kiingereza kuanzia sekondari hadi chuo kikuu, anatumia sekunde zake za kwanza kuelewa swali, zinazofuata kutafuta neno la Kiingereza la kujibia, na kipaji chake cha kuchekesha kinabaki kimefungwa kwenye lugha ambayo hakuombwa kuitumia. Mtu huyohuyo ukimkuta kijiweni jioni anawavunja mbavu watu kumi kwa sentensi moja.

Uzuri ni kwamba Quiplash 2, iliyomo kwenye kifurushi cha tatu cha 2016, na Quiplash 3, iliyomo kwenye kifurushi cha saba cha 2020, zina sehemu ya kuandika maswali yenu wenyewe. Wanaonunua hawaigusi, nami nasema hiyo ndiyo iliyostahili kununuliwa. Hesabu ya maswali mnayohitaji ni rahisi. Katika raundi mbili za mwanzo kila mchezaji anapata maswali mawili, na kila swali linakwenda kwa watu wawili. Kwa hiyo wachezaji wanane wanamaliza maswali manane kwa raundi. Raundi mbili ni 16, na kwenye Quiplash 2 la mwisho ambalo wote wanalijibu linafanya 17. Andikeni 35 na mtacheza mara mbili bila kurudia.

Uandishi wa maswali haya una ufundi wake, na kosa la kwanza la kila anayeanza ni kuandika swali pana. "Dodoma ni ____" huonekana swali zuri hadi majibu yatokee: vumbi, vumbi, zabibu, joto, vumbi. Watu wanane hawawezi kutofautiana pale swali linapowapa njia moja pana ya kupita. Libane. "Kisingizio ambacho hakijawahi kutumiwa na aliyechelewa kazini Mji wa Serikali, Mtumba, Jumatatu asubuhi." "Kitu usichopenda kumsikia kondakta akikisema gari likiwa katikati ya mlima." "Ujumbe ambao mama mkwe hapaswi kuupokea kwa bahati mbaya." "Kilichokutwa kwenye mkoba wa mjumbe wa nyumba kumi." Kila moja lina mtu, mahali au wakati, na limeacha tundu moja tu la kujaza.

Kosa la pili ni swali linalochekesha lenyewe. Mwandishi akishaweka utani wake ndani ya swali, kicheko kimeshaliwa, na mchezaji amebakiziwa makombo. Swali liwe kavu kama tangazo la ofisini. Mwenye jibu ndiye apige bao.

Halafu kuna jambo ambalo waandishi wa Chicago hawakuhitaji kuliwaza, nalo ni ngeli. Kiingereza kinaacha pengo likiwa pengo. Kiswahili kinalizungushia pengo viambishi vinavyotoa siri. Ukiandika "Babu alishangaa kukuta ____ kimelala kitandani kwake", umeshawalazimisha watu wote waende kwenye ki-: kikapu, kisu, kitambi. Anayetaka kuandika "mwenyekiti wa mtaa" ama ajinyime jibu lake, ama aandike sentensi inayokwaruza sikio, na hadhira ya Waswahili husikia mkwaruzo kabla ya kusikia utani. Dawa ni kulisogeza pengo hadi mwisho wa sentensi, baada ya neno lisilodai upatanisho: "na", "kwa", "kama", "kutokana na". "Babu aliingia chumbani akajikuta uso kwa uso na ____." Hapo hata "mwenyekiti wa mtaa" anaingia bila kuinama. Vinginevyo tumia swali linaloomba kitu kizima, kama ile mifano ya juu.

Suala hili la ngeli ni zito zaidi kwenye michezo ya kudanganyana, ile ya ukoo wa Fibbage, nayo ya Jackbox. Humo mnapewa ukweli wa ajabu wenye pengo, kila mtu anaandika uongo wa kulijaza, uongo wote unachanganywa na jibu la kweli, kisha mnachagua mnachoamini. Unapata alama 1000 kwa kuugundua ukweli na 500 kwa kila uliyemdanganya. Raundi ya pili alama zinakuwa mara mbili, na swali la mwisho mara tatu. Sisi mlango huu tunaujua tangu utotoni. Hadithi hufunguliwa kwa kuuita uongo uje ili utamu ukolee, na mtega kitendawili hupewa mji na walioshindwa. Kumwalika mtu adanganye mbele ya watu, kwa kanuni, na kumlipa akifaulu, hakuna ugeni wowote kwetu.

Chukua mfano wa hapa kati. Mbuyu, mti unaosimama kila upande ukitoka nje ya mji, maua yake hufunguka usiku na huchavushwa na popo. Ukiandika "Maua ya mbuyu huchavushwa na ____ wanaoruka usiku", neno "wanaoruka" limeshaua upepo, umande na mchwa wa ardhini. Ishia kwenye "na", halafu nukta. Au ule mradi wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, ulioanza 1947 na kuachwa 1951: "Trekta zilipokosekana, baadhi zilitengenezwa kutokana na ____." Jibu ni vifaru vya vita. Waliyageuza mabaki ya Vita Kuu ya Pili kuwa mashine za kulimia. Hakuna mchezaji atakayeandika uongo unaoushinda ukweli huo kwa ajabu, na hicho ndicho kipimo cha swali zuri la aina hii: ukweli wenyewe ufanane na uongo.

Kwa kipimo hichohicho, swali kuhusu maana ya jina la Dodoma ni zuri kwa wageni na bovu kwa wenyeji. Simulizi ya tembo aliyezama na neno la Kigogo la kudidimia imo midomoni mwa kila mtoto wa mitaa ya hapa ya Chang'ombe na Kikuyu. Kabla ya kuandika, jiulize nani atakuwa chumbani. Swali ambalo watatu kati ya wanane wanajua jibu lake limekufa. Maswali ya tarakimu nayo ni dhaifu. Kuuliza michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye urithi wa dunia mwaka gani (ni 2006) huzaa miaka minane iliyopangana, na hapo watu wanabahatisha, hawadanganyani. Uongo unahitaji nomino, na nomino yenye sura.

Aina hii ya kudanganyana haihitaji kununua chochote. Kundi la WhatsApp linatosha, na naona kwa Dodoma ndiyo njia ya kuanzia. Anateuliwa msimamizi mmoja asiyecheza. Anatupa swali kwenye kundi, kila mchezaji anamtumia uongo wake inboksi ndani ya sekunde 90. Msimamizi anakusanya, anaongeza jibu la kweli, anachanganya, anapandisha kura ya WhatsApp. Kura hiyo inapokea machaguo 12 tu, kwa hiyo wachezaji wasizidi 11, maana la kumi na mbili ni la ukweli. Izimwe ile ruhusa ya kuchagua zaidi ya moja. Alama: mbili kwa kuupata ukweli, moja kwa kila uliyemnasa, na swali la mwisho mara mbili.

Hapo pana mitego minne, na yote nimeipanga kwa ukubwa wa madhara yake. Mkubwa ni mwandiko. Mmoja huanza na herufi kubwa na kumaliza kwa nukta, mwingine haweki chochote, wa tatu huandika "xana" badala ya "sana". Msimamizi akibandika majibu yalivyokuja, watu hawasomi uongo, wanasoma mwandishi. Aandike upya yote kwa herufi ndogo, bila nukta, urefu ukaribiane, na jibu la kweli alipitishe kwenye mkasi huohuo, kwa sababu wasimamizi wengi husafisha uongo wa wengine na kusahau kwamba ukweli wao umeandikwa kama kitabu cha shule.

Wa pili ni kwamba kura ya WhatsApp huonyesha nani kachagua nini. Mkubwa wa kazi akipiga kura ya kwanza, watatu wanamfuata, na mchezo umegeuka kikao. Ikiwa mko chumba kimoja, msitumie kura hiyo. Msimamizi ayape majibu namba, ahesabu hadi tatu, kila mtu ainue vidole. Ikiwa mko mbalimbali, namba zitumwe inboksi. Wa tatu: mtu akiandika ukweli kwa bahati, msimamizi amjibu faraghani "andika lingine", kama Fibbage yenyewe inavyofanya, na asiseme lolote kundini. Wa nne, wawili wakileta uongo unaofanana, liandikwe mara moja na wote wawili walipwe.

Muda wa swali moja, ukijumlisha kuandika, kukusanya, kupiga kura na kufunua, ni kama dakika saba msimamizi akitumia WhatsApp ya kwenye kompyuta, na zaidi ya kumi akihangaika na simu peke yake. Maswali matano yanatosha. Ufunuo uanze na uongo uliopata kura chache, ukweli uwe wa mwisho kabisa. Anayetaja ukweli kwanza ameuzima moto aliokuwa akiuwasha.

Sasa mitambo, kwa wanaotaka ya TV. Jambo lisiloeleweka vizuri ni hili: simu za wachezaji si lazima ziwe kwenye mtandao mmoja na kompyuta. Wote wanakutana intaneti, si ndani ya Wi-Fi ya nyumba. Mwenye bando lake aingie kwa bando lake, na hatalia, kwa sababu simu inatuma na kupokea maneno na michoro midogo tu. Picha na sauti ziko kwenye kompyuta. Hotspoti za simu nyingi zinakubali vifaa vinane hadi kumi, nyingine pungufu ya hapo. Ukiweka kompyuta na simu nane juu ya simu moja umeshafika ukingoni, na anayeingia wa mwisho ndiye anayegoma bila sababu inayoonekana. Wapeni hotspoti wasio na bando tu.

Kompyuta ndiyo moyo. Simu ya mchezaji ikikatika, anarudi kwa herufi zilezile nne na jina lilelile. Kompyuta ikikatika, chumba kizima kinaweza kufa na alama zake. Kwa hiyo simu inayoilisha kompyuta iwe kwenye chaji, karibu na dirisha, na isiwe ya mtu anayepigiwa pigiwa. Simu nyingi zikipokea mwito wa kawaida, data hupungua kasi au husimama, na kwenye simu ya laini mbili hata mwito wa laini ya pili unafanya hivyo. Kuna usiku mwingi unaoharibiwa na shangazi aliyepiga kuuliza kama mmefika salama, na hakuna anayejua kwamba ni yeye.

Kifurushi kipakuliwe jana yake, maana faili lake hupimwa kwa gigabaiti, na mchezo ufunguliwe mara moja ili umalize masasisho. Tumia waya wa HDMI kutoka kompyuta hadi TV. Kurusha picha bila waya kunaichelewesha nyuma ya simu, na kwenye mchezo unaohesabu sekunde watu wanajikuta muda umekwisha wakati TV bado inasoma swali. Walio mbali wanaotazama kwa simu ya video wanapata ucheleweshaji huohuo, kwa hiyo kwenye mipangilio washa muda wa ziada.

Upande wa simu, vyanzo vya kugoma ni vilevile kila mara. Opera Mini ikiwa kwenye hali ya kubana data kupita kiasi haifai, kwa sababu ukurasa unatengenezwa kwenye seva ya mbali na unaletwa ukiwa kama picha iliyokufa. Mchezo unahitaji mawasiliano yanayobaki wazi. Kiungo kilichofunguliwa ndani ya Instagram au Facebook nacho kina tabu, ukitoka kujibu ujumbe umepotea. Fungua Chrome. Ongeza muda wa skrini kuzima uwe dakika tano au kumi. Na kibodi: simu iliyowekwa Kiingereza pekee hugeuza maneno ya Kiswahili kuwa vituko ambavyo mwandishi hakukusudia. Ongeza Kiswahili kwenye Gboard, au zima usahihishaji kabisa.

Halafu zile herufi nne za chumba. Msizisome kwa sauti. Anayesema "i" kwa Kiswahili na anayesikia kwa Kiingereza wanaandika herufi mbili tofauti, na "e" hivyo hivyo, na "a" ya Kiingereza inafika sikioni kama "e". Ziandikwe kundini, au watu wazitazame kwenye TV.

Umeme ukikatika, kompyuta inaendelea kwa betri yake ila TV na ruta ya Wi-Fi zinazima. Kama mlikuwa kwenye hotspoti ya simu tangu mwanzo, chumba bado kiko hai. Sogeeni kwenye skrini ndogo ya kompyuta mkaendelee. Hii pekee ni sababu tosha ya kupendelea hotspoti hata penye ruta nzuri. Na mwenye nyumba aangalie salio la LUKU kabla wageni hawajafika.

Nirudi kwa watu, maana hapo ndipo penye uzito. Dodoma imejaa wageni kwa wageni. Tangu Serikali ianze kuhamia mwaka 2016, na kabla ya hapo tangu Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kilipoanzishwa 2007, nyumba za hapa zimejaa waliotoka Mwanza, Mtwara, Iringa na Tabora, wanaofanya kazi pamoja bila kuwa na utoto wa pamoja. Mtanzania katika hali hiyo hufungua mlango kwa utani. Lakini utani una sheria. Kuna kabila lako la utani na lisilo lako, kuna lililo halali kwa mtani msibani na haramu kwa mwingine, kuna watani wa jadi wa Simba na Yanga wanaoweza kuambiana lolote Jumamosi na kula pamoja Jumapili. Mchezo wa simu haujui sheria hizo. Unampa kila mtu kinyago na kipaza sauti kwa pamoja.

Kinyago hicho ndicho chenye thamani kuliko vyote. Kwenye Quiplash majina hufichwa hadi kura ziishe, na kwa sababu hiyo karani wa mwaka wa kwanza anaweza kumshinda mkurugenzi mbele ya idara nzima bila mtu kukosa adabu. Hakuna aliyejua kwamba lile jibu lililoshindwa lilikuwa la mkurugenzi. Nje ya mchezo, shikamoo na ngazi za vyeo vingefanya jambo hilo lisitokee kamwe. Lakini kinyago hichohicho kinampa mtu nafasi ya kutupa neno kuhusu kabila, dini au mwili wa mwenzake na kujificha. Kwa hiyo ulinzi unawekwa kwenye swali, mapema. Swali lilenge hali, kitu, cheo cha kubuni au mahali. Lisimlenge mtu aliyemo chumbani, isipokuwa ameridhia mbele ya wote, mfano mwenye siku ya kuzaliwa. Kichujio cha lugha chafu kilichomo kwenye mipangilio msikitegemee. Kimejengwa kwa lugha za watengenezaji, na tusi la Kiswahili litapita mbele yake likitabasamu. Baadhi ya vifurushi vinaruhusu msimamizi kukagua kila jibu kabla halijaonyeshwa. Penye watoto au wazee, tumieni hiyo.

Wachezaji wa Quiplash ni watatu hadi wanane, na sebule zetu haziishii wanane. Waliozidi wasikae kama mizigo. Waingie kwa herufi zilezile kama hadhira, wapige kura. Nafasi za hadhira ni hadi 10,000, hazitawaishia. Na apatikane mtu mwenye sauti wa kusoma majibu kwa Kiswahili. Mtangazaji wa mchezo mwenyewe anasema Kiingereza cha haraka, kwa hiyo mpunguze sauti. Jibu la maneno manne likisomwa na mtu anayejua kunyamaza kidogo kabla ya neno la mwisho hupata kura nyingi kuliko lile lililoachwa lijisome lenyewe kwenye TV.

Ya kuchora nayapitia haraka. Gartic Phone ni ya bure kwenye kivinjari na haihitaji mwandishi wa maswali: unaandika sentensi, mwingine anaichora, wa tatu anaieleza picha kwa maneno, hadi inarudi imeharibika kabisa. Lugha ni yenu tangu mwanzo. Skribbl.io inahitaji orodha yenu ya maneno, yasiyopungua kumi, yaliyotenganishwa kwa mkato, kisha uwashe chaguo la kutumia orodha hiyo pekee. Wekeni mbuyu, zeze, bajaji, mlenda, mtungi, kichuguu. Mkwepe ng'ombe na ung'o, kwa sababu kibodi za simu zina alama mbili tofauti za ritifaa na mchezo unadai herufi kamili. Mkwepe na maneno yanayochanganya l na r kwa wasemaji wengi, vinginevyo mtu anayeijua picha ananyimwa alama kwa lafudhi yake.

Na hayo mawili, ritifaa na l na r, yananipeleka kwa vijana wanaosoma kompyuta pale CIVE, ndaki ya kompyuta ya UDOM. Mchezo wa aina hii si mzito kuutengeneza: seva moja, chumba chenye msimbo, ukurasa mwepesi wa simu na mawasiliano ya moja kwa moja kati yao. Wakianza, wasianze na rangi wala katuni. Waanze na msimbo wa tarakimu nne badala ya herufi, ili usomeke kwa sauti bila kugombana. Wachezaji wafike 15. Chumba kiishi dakika tano hata mwenye kompyuta akikatika. Jibu la "ngombe" lipokelewe kama "ng'ombe", na "leli" kama "reli". Na pale mwandishi wa swali anapoweka pengo, programu imwonyeshe kwa rangi nyekundu kiambishi chochote kinachoitaja ngeli ya jibu, kabla hajabonyeza kutuma.